Kiti Nilichokalia Mbele ya Bibi Yako

Mwanangu Minza,

Shuleni kwetu tulifundishwa kwamba barua huanza na "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Mimi ni mzima kweli. Ila hofu kwako sina, na sitaki kuanza kwa uongo. Kilichonijaa kifuani tangu asubuhi ni kitu kingine, na najua nikikuita nikuambie ana kwa ana nitaishia kukuuliza kama umekula. Ndiyo maana nimekaa hapa karakana, juu ya kochi la mteja ambalo bado halijavalishwa kitambaa, naandika huku jua lipo, wakati wewe uko kanisani unaagana na wenzako wa kwaya. Sauti zenu zinafika mpaka hapa. Yako naijua hata mkiimba mia.

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako amekwambia pasipoti ikae wapi, mzigo wa mtu usipokee, na amerudia mpaka na mimi nimeshika. Mimi nina neno moja tu: usiondoke ukidhani nimekuruhusu kwa shingo upande.

Najua ndivyo unavyodhani. Ile Jumapili ndugu walipokaa hapa uani, mjomba wako alileta maneno ya bibi yako wa Tinde, mama mzaa mama yako. Alisema bibi anauliza, mjukuu wangu nimemwombea mpaka akamaliza chuo, ili akawe mtumwa wa kubeba masahani angani? Watu walicheka kidogo, halafu wakanitazama mimi. Na wewe ukanitazama. Mimi nikainamia mto niliokuwa nimeupakata, nikawa nakata nyuzi zilizobaki kwenye mshono, kana kwamba ni ule mto ulioulizwa. Uliinuka ukaingia ndani ukafunga mlango polepole, wewe ambaye milango ya nyumba hii unaibamiza tangu utoto. Toka siku hiyo unanipikia vizuri kupita kiasi, na kila ninachosema unajibu "ndiyo, baba." Mtoto akianza kukuheshimu namna hiyo, ujue amekukatia tamaa.

Juzi ulikuwa unaongea na rafiki yako pale dirishani, hukujua niko nje napanga mbao. Ulimwambia bora hiyo kazi ungeikosa kuliko kuondoka bibi yako hajakuwekea mkono kichwani. Ulisema tangu mama afariki bibi ndiye mama. Minza, neno hilo lilinikaa. Nilipiga msumari ukapinda, nikaung'oa, nikapiga mwingine nao ukapinda.

Nilinyamaza kwenye kikao kwa sababu aliyeuliza ni mkwe wangu. Umekua ukiiona mila hii kila siku, lakini sijawahi kukueleza inavyokaa mwilini mwa mtu. Kwetu Usukuma, mama wa mke wako ni mtu unayemheshimu kwa kumkwepa. Humpi mkono. Huli mbele yake. Hulali mahali anapoweza kukuona umeachama mdomo. Ukimkuta njiani unampisha, unamsalimia kwa mbali macho yakiwa chini, na kama kuna maneno marefu yanapitia kwa mtu wa katikati. Vijana wa mjini siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, sawa, kila mtu na zama zake. Mimi nililelewa hivyo na bibi yako naye alilelewa hivyo.

Sasa nikupe kisa ambacho hamjawahi kukipata chote.

Unakumbuka ule mwaka tulipokwenda hija Nchi Takatifu na kundi la parokia, wewe ukiwa bado shule ya msingi. Tulikuwa twende watatu, mama yako, mimi na bibi. Mipango yote mama yako ndiye aliyeifanya, na mpango wake mkubwa ulikuwa kukaa kati yetu. Alisema mtanitumia kama ukuta, nami sijali. Wiki ya mwisho akashikwa na ile homa iliyomlaza hospitali, daktari akakataa asisafiri. Nikasema basi na mimi nabaki. Akanikatalia. "Mama hajawahi kupanda hata ngazi ya ghorofa," aliniambia, "utamwachaje apande ndege peke yake?" Nikaenda. Siku zote nilikuwa namtii mama yako kabla sijajua kwamba namtii.

Kutoka Mwanza hadi Dar hakukuwa na shida, ndege ndogo, saa moja na ushei tu, watu wa kundi wamechanganyika, nilikaa mbele kabisa na bibi akakaa nyuma na mama wa jumuiya. Shida ilianza kwenye ndege kubwa, ile ya kuruka usiku kucha. Niliingia nikastaajabu kama fundi. Viti vimepangwa safu kwa safu mpaka jicho linachoka, kila kimoja na meza yake ya kukunja, na kitufe cha kukilaza, na vimasikio viwili pembeni ya kichwa unavyovikunja ili shingo isianguke. Nilikaa nikapeleka mkono chini ya mto wa kiti kupima sponji. Ilikuwa nyembamba na ngumu! Nikajiambia, hawa wamebana, mimi ningewawekea ya kuzama. Bado nilikuwa napapasa pale chini niliposikia nyuma yangu sauti ikisema polepole, "Salamu Maria, umejaa neema."

Ilikuwa sauti ya bibi yako. Nyuma yangu kabisa, mgongo wa kiti changu ndio ulikuwa ukuta wa mbele wa chumba chake.

Wewe utaona ni kitu kidogo. Subiri. Ndege iliporuka na masikio kuziba na kuzibuka, taa zikapunguzwa, watu wote wakabonyeza vitufe wakalaza viti. Aliye mbele yangu naye akakilaza, kichwa chake kikaja karibu na kidevu changu nikawa naona upara wake. Mimi nifanye nini? Nikikilaza cha kwangu, kichwa changu kinakwenda kulala mapajani pa mama wa mke wangu. Kwetu hata kivuli chako hukitupi juu ya mkwe. Nikabaki nimekaa wima kama mti wa hema. Kikaja chakula. Meza ningeweza kuifungua, lakini yeye pale nyuma angesikia natafuna. Nikasema sina njaa. Nikataka kwenda haja. Choo kilikuwa nyuma, na ningempita yeye akiniona ninakwenda wapi. Nikakaa. Nikavumilia saa hadi saa. Miguu ikaanza kujaa, viatu vikabana, mgongo ukawaka moto, na kila nikitaka kusinzia nasikia rozari nyuma yangu, najua yu macho, nafumbua.

Nilifikiri ninampa heshima kubwa. Nilijivuna hata, Minza. Nilimwambia Mungu, unaona mwenyewe.

Katika wahudumu wa ndege ile alikuwepo binti mmoja mweusi, mrefu kama wewe, aliyejua Kiswahili, cha watu wa pwani. Mara ya kwanza nilipokataa chakula alipita. Aliporudi na chai na mkate nikakataa tena, alisimama. Hakuniuliza kwa sauti kama wanavyoita majina zahanati. Aliinama mpaka sikio langu.

"Baba, unaumwa?"

Nikasema siumwi.

"Mbona huli, hulali, na kiti hujakilaza?"

Nikaona huyu ni mtoto wa watu, nimwambie. Nikamnong'oneza, "Nyuma yangu amekaa mkwe wangu."

Wazungu wangecheka, na siwalaumu. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Mama mzaa mke?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu, akasema, "Basi ndiyo maana. Na yeye hajala. Nimemwomba afungue meza amekataa. Anasema imeshikizwa kwenye mgongo wa mwanaume wa binti yake, hawezi kumgonga mgongoni na sahani."

Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakazibuka tena. Mle gizani tulikuwa watu wazima wawili, tumekaa na njaa tangu Dar, kila mmoja anamfungia mwenzake kwa heshima. Mimi silali kwa ajili yake. Yeye hali kwa ajili yangu. Na kwa kuwa hakuna wa katikati, hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake, jamani, kula.

Yule binti akaenda kwa bibi. Nilisikia kila kitu ingawa sikugeuka. Hakusimama juu yake kuongea naye akimtazama utosini. Alipiga goti pale kwenye njia, chini kwenye zulia, akamwamkia shikamoo, akamwuliza safari, akamwuliza miguu. Kisha akainuka akaenda kwa bwana mmoja mkubwa mwenye ndevu aliyekaa safu za mbali upande wa pili, amevaa vile vya kusikilizia muziki, akamwambia maneno mawili matatu kwa lugha yao. Yule bwana akanyanyuka na mizigo yake bila kunung'unika, akaja akakaa mahali pangu, na mimi nikapelekwa pake. Nilipita upande wa mbele, sikumpita bibi.

Nikaletewa wali na kuku. Nilikula kama mtu aliyetoka machimboni. Nikaenda haja. Nikakilaza kiti changu polepole, na hapo ndipo nilipoielewa ile sponji nyembamba. Haikutengenezwa ili mtu azame. Imetengenezwa mtu aweze kujigeuza, aegemee huku, anyooshe mguu kule, abadilike usiku kucha bila kiti kumng'ang'ania. Kilichokuwa kimeniumiza mgongo si kiti. Nilikuwa nimekaa namna moja toka tuliporuka.

Asubuhi walipowasha taa niliinua shingo kuchungulia. Bibi yako alikuwa amelala. Amevuliwa viatu, amevalishwa zile soksi za ndege, blanketi limefika kidevuni, na meza yake iko wazi na kikombe kitupu cha chai juu yake. Sikuwa nimewahi kumwona mama mkwe wangu amelala. Nikageuza uso haraka, lakini nilikuwa nimeshamshukuru Mungu.

Tulipokuwa tunatua nilimwona yule binti kwa mara ya mwisho. Kumbe na wao wana kiti chao. Kinakunjwa ukutani karibu na mlango, chembamba kama ubao, kinatazama nyuma, kwa hiyo anayekikalia anatutazama sisi. Alijifunga mikanda mabegani, akaweka mikono chini ya mapaja, mgongo umenyooka, macho yanapita safu kwa safu. Nilimhurumia kwa ufundi wangu, maana hakuna mteja ningemtengenezea kiti kile akakubali. Kisha nikaona sivyo. Mlango ukikataa, moto ukiwaka, huyu ndiye atakayefungua, na sisi wenye viti vya kulazwa tutamfuata. Siku utakapokaa kwenye kiti hicho usikionee haya. Nimekaa nikitengeneza viti maisha yangu yote na sijatengeneza ambacho mtu anakikalia kwa ajili ya wengine.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia mama yako kwamba miguu ilivimba kwa baridi ya ndege. Yeye alijua. Kicheko alichokicheka usiku ule chumbani, mpaka ukaja kugonga ukidhani analia.

Safari ile ilinitengeneza kazini kuliko unavyojua. Kabla ya hapo nilikuwa navalisha viti vya mabasi yanayobeba wafanyakazi wa mgodi kule Bugarama, na fahari yangu ilikuwa unene. Najaza sponji mpaka kiti kinavimba, mwenye basi anafurahi akikiona. Siku moja nilipanda mwenyewe. Magoti yangu yaligusa kiti cha mbele, na kijana aliyetoka zamu ya usiku pembeni yangu alikuwa amesimama amejishikiza kwenye bomba, nafasi ya kukaa ikiwepo. Nikamwuliza mbona hukai. Akasema, "Mzee, aliyetengeneza hivi viti hana miguu." Sikumwambia ni mimi. Lakini niliendelea vile vile, kwa kuwa mwenye basi ndiye aliyekuwa akinisifu. Baada ya hija ndipo nilipoanza kuuliza atakayekaa, si atakayetazama. Vilivyotoka hapa baadaye umeviona. Na uliponisaidia kuvuta leza, ile ngozi ya viti, juu ya fremu jioni baada ya shule, nilikuwa nakufundisha hicho, ingawa nilikuwa nasema tu vuta, legeza, vuta.

Sasa nije kwako, maana wewe ndiye habari yenyewe.

Mama yako alipotutoka, ukuta ulianguka. Mimi na bibi yako tulibaki tunatazamana kwa mbali bila mtu wa katikati. Ukaja wewe, hujamaliza hata la saba. Nani alikutuma? Simu ya Tinde ikilia wewe ndiye unayeishika. Unaweka spika. Mimi niko pale pale, nasikia kila neno, halafu wewe unanigeukia unanirudia neno ambalo nimeshalisikia, nami nakupa jibu ambalo bibi amelisikia kabla hujalifikisha. Jirani yetu Mama Kulwa alikuwa akipita anasema, "Minza, hao wangepeana tu simu, wewe ukasome." Unamjibu, "Hawawezi, mama, wanaheshimiana."

Kisha nikupe na la ile likizo. Bibi alitaka ukaishi naye Tinde moja kwa moja. Mimi nilikuwa na kidonda cha msiba, nikawaka. Nilikupa maneno makali umpelekee, maneno ambayo leo sitayaandika. Ukapanda gari ukaenda, ukarudi jioni na kuku wa bibi na salamu njema, na habari kwamba amekubali umalizie shule hapa. Nikashangaa yale maneno yamemlainishaje. Miaka ikapita ndipo mjomba wako aliponiambia ulichosema ulipofika. Ulipiga goti ukamwambia, "Baba anasema wabeja sana, asante, kwa kumlea mama yetu, na anaomba nisimwache peke yake mwaka huu." Neno lile sikulisema, Minza. Lakini ndilo lililokuwa chini ya yale niliyoyasema, na wewe uliliona.

Siku uliyoniletea ujumbe kwamba umechaguliwa, kampuni ya huko Uarabuni yenye ndege za kuvuka bahari mbili bila kutua, ulikuwa unaruka ruka ukigusa boriti ya juu hapa karakana. Uliniambia waliwapima kama mnafikia makabati ya juu ya mizigo, na wewe ulifikia bila hata kuinua visigino. Nilisema "vizuri" nikaendelea kushona. Hukuona usoni kwangu kwa kuwa niliinama. Nilikuwa namwona yule binti kwenye zulia. Nikasema moyoni, hawa watu wa ndege wanadhani wanakwenda kumfundisha mtoto huyu kazi. Watamfundisha milango na mikanda na namna ya kuzima moto. Hiyo nyingine alianza nayo nyumbani kwangu, akiwa na sare ya shule.

Hilo ndilo nililopaswa kulisema kwenye kikao. Nililiacha kwa sababu ya heshima ile ile iliyonilaza njaa.

Kwa hiyo jana nilipokuaga naenda Shinyanga kutafuta sponji, nilikudanganya. Uliponiuliza sponji iko wapi nikasema wameishiwa. Nilishukia Tinde.

Nilimkuta bibi yako uani anaanika michembe ya viazi vitamu kwenye mkeka. Nikasimama mbali, nikasalimia nikitazama chini, akaitikia, akaniambia kaa. Nikavuta kigoda mpaka karibu na ua, nikakaa ubavu. Akaanza kumwita mtoto wa jirani aje achukue maneno. Nikasema, "Mama, leo naomba tuseme wenyewe."

Alisimama na michembe mkononi. "Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, Mama. Minza anaondoka keshokutwa."

"Najua. Anakwenda kubeba masahani." Akaendelea kutandaza.

Nikasema, "Mama, unamkumbuka yule binti wa kwenye ndege? Aliyekupigia goti?"

Mikono yake ikatulia. "Yule mwenye ndege?"

Sikumwelewa. Nikauliza mwenye ndege yupi.

"Si yule aliyelinyanyua lile jitu lenye ndevu kwenye kiti chake, likanyanyuka? Mtumishi hamnyanyui mgeni, Baba Minza. Nilijua pale pale kwamba huyu ndiye mwenye nyumba, au ni binti yake. Nikasema tazama mtoto aliyelelewa akaleleka, ana ndege nzima, na bado anapiga goti kwa mwanamke wa Tinde. Mpaka leo namtaja kwenye rozari yangu."

Miaka yote hiyo, mwanangu! Ameisimulia jumuiya nzima habari ya tajiri mnyenyekevu.

Nikamwambia, "Mama, hakuwa mwenye ndege. Alikuwa mhudumu. Ile ndiyo kazi yake. Na ndiyo hiyo anayokwenda kuifanya Minza."

Kuku mmoja alipanda mkekani akaanza kudonoa michembe. Bibi yako hakumfukuza. Alikaa chini polepole, akanyoosha miguu, akawa anapangusa unga viganjani muda mrefu.

"Wewe umelijua hili tangu lini?"

"Tangu ndege ile."

"Na kwenye kikao ulikaa kimya."

"Nilikuheshimu, Mama."

"Uliniheshimu," akasema, "ukaniacha nimlize mjukuu wangu." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainua macho kwa mara ya kwanza. Alikuwa anacheka. "Heshima yako hiyo, Baba Minza. Mara ya kwanza ilininyima wali."

Nami nikacheka. Tulicheka wote wawili, yeye mkekani na mimi kule kwenye ua, mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia. Sijui kama kuna mila imevunjika. Kama imevunjika, Mungu alikuwepo na hakusema kitu.

Halafu akajifuta macho, akaniambia maneno kuhusu wewe. Hayakuwa mengi. Aliyasema taratibu, na moja alilisema kwa Kisukuma, alilolirithi kwa mama yake, ambalo nilikuwa sijalisikia tangu siku alipomkabidhi mama yako kwangu. Nilitoka pale nikaimba njia nzima, dereva akaniuliza, mzee umeokota dhahabu?

Ungependa kujua alisema nini. Nilipokuwa naaga nilimwuliza kama nikufikishie. Akakataa. Akasema, "Mtoto huyu ametubebea maneno yetu tangu mdogo. Hili asibebewe na mtu."

Kwa hiyo silileti. Nimeongea na konda. Kesho basi letu la Mwanza litasimama Tinde, pale penye wauza nyanya. Bibi yako atakuwa amesimama barabarani tangu alfajiri, namjua. Mimi sitashuka. Shuka wewe, upige goti hapo hapo kwenye kokoto hata kama shangazi atalalamikia gauni, uinamishe kichwa, naye atakuwekea mkono. Chukua muda wako. Abiria wakipiga kelele waache wapige, nitawaeleza mimi ni nani anayeshuka na anakwenda wapi.

Baba yako,
Baba Minza